Alaimenti ya gari yenye koilova: kazi inaanzia nyumbani, si kwa mashine

Wenye gari mliofunga koilova huku Malindi, yaani zile shoki zenye springi ambazo urefu wake unashushwa na kupandishwa, ama mmebadilisha armu za nyuma mkaweka zile za kurekebishika, hii nimewaandikia nyinyi, manake haipiti wiki sijakutana na mtu amechuchumaa kando ya barabara ya Lamu anaangalia tairi imeliwa upande wa ndani peke yake, na anauliza kwani si nilifanya alaimenti, kunyooshewa matairi, juzi tu. Ulifanya ndio. Lakini gari ikishatolewa shoki na springi zake za kiwandani, ile alaimenti ya kupanda mashine, kuzungusha tairodi mbili, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi, na kushuka haitoshi tena.

Mimi natumia Forester ya 2005, ile bodi ya SG. Nilipoifunga koilova nilienda moja kwa moja mpaka kwa sehemu moja ya alaimenti, fundi akacheza na tairodi za mbele, akanyoosha usukani, akanipa karatasi, nikalipa. Gari haikuvuta, usukani umenyooka, nikaridhika kabisa. Miezi kama minne baadaye natoa tairi za nyuma nizihamishe mbele, napitisha kiganja upande wa ndani nikahisi kitu kinachoma, kuangalia ni waya. Upande wa nje mifereji bado iko na milimita 6, ndani hakuna raba. Ile karatasi nilikuwa nimeiweka kwa dashibodi, nikaifungua, na yote yalikuwa yameandikwa pale: namba za nyuma nyekundu kabla, nyekundu baada, yaani nje ya kipimo. Hakuna aliyegusa nyuma, na mimi wakati ule sikujua kuisoma. Tairi mbili nzima nzima zikaenda hivyo.

Kwa hivyo tuanze na kuisoma.

Kuna mambo matatu. Kemba ni vile tairi imeegemea ukiitazama kutoka mbele ya gari, juu ikiingia ndani ni hasi, juu ikitoka nje ni chanya. Kasta ni mlalo wa ule mhimili ambao tairi inageukia, unauona kutoka ubavuni, na ndio unaofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kwa kona. Tou ni vile tairi mbili za ekseli moja zinaelekeana ukiziangalia kutoka juu, zikikaribiana mbele tunasema zimefunga, zikiachana mbele zimefunguka.

Watu wengi wakiona tairi imeliwa ndani wanalaumu kemba, ati gari imeinama sana. Kemba inachangia, sikatai, lakini mlaji mkubwa ni tou. Chukua tairi yenye tou ya 0.3 digrii peke yake, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Kila kilomita moja hiyo tairi inasuguliwa kando kwa lami kama mita 5. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, yaani ukifika Mombasa imeburutwa kando zaidi ya mita 600, na bado hujarudi. Changanya hapo na kemba hasi ya digrii mbili, ule uzito wote na ule msuguo wote vinaangukia ukanda mmoja wa ndani, basi hapo ndipo waya inapotokea.

Jambo lingine kwa karatasi, angalia mashine inaandika kwa mtindo gani. Zingine zinaandika digrii kwa desimali, zingine kwa digrii na dakika, na digrii moja ina dakika 60. Sasa ukiona 0°30' hiyo ni nusu digrii, si 0.30. Nimeshaona fundi na mwenye gari wanabishana nusu saa kwa sababu mmoja anasoma dakika na mwengine anasoma desimali.

Amua urefu kwanza, usibadilishe tena

Koilova raha yake ni kushusha na kupandisha, na hapo ndipo alaimenti inapoharibikia. Ukishusha gari yenye mfumo wa strati kama Subaru, kemba inaenda hasi, ukipandisha inarudi kuelekea chanya, na tou inasogea pia kwa sababu pembe ya armu na tairodi imebadilika. Kwa hivyo ukifanya alaimenti leo Jumatatu na Ijumaa ukapandisha gari ili uende Marafa, ile karatasi yako haina kazi tena. Chagua urefu unaoishi nao. Mimi ushauri wangu kwa barabara zetu, na matuta ya Gede na Kilifi na hizi njia za kifusi za kuingia mashamba, usishuke sana, bakisha nafasi ya armu za chini kukaa karibu na usawa, zikianza kuinua vichwa upande wa tairi, gari inakuwa ngumu kuitengeneza na hata ukiipatia namba nzuri ikiwa imesimama, ikipiga shimo tou inakimbia.

Kama koilova zako ni zile ambazo urefu unarekebishwa kwa mguu wa chini, rekebisha huko, usigeuze kola ya springi, ile nati kubwa springi inapokalia, kutafuta urefu. Ukikaza springi kutafuta urefu, unapoteza mwendo wa shoki na gari inaanza kurukaruka kila tuta. Pima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, kushoto na kulia zisipishane zaidi ya milimita 5 hivi. Andika. Afu kaza zile loknati, nati za kufungia zisizunguke, kwa spana yake ya ndoano, usigonge kwa nyundo na bisibisi, utazitafuna meno na siku nyingine utashindwa kuzifungua.

Hapa kuna kitu mafundi wengi wanaruka na mimi nawasihi msiruke. Bushi za raba zinakazwa gari ikiwa imebeba uzito wake chini, si ikining'inia kwa jeki. Ile bolti inabana bomba la ndani ya bushi, na armu inapopanda na kushuka raba ndiyo inayojisokota katikati. Ukiikaza armu ikiwa inaning'inia, gari ikishuka raba yote inabaki imesokotwa saa ishirini na nne, inabeba gari juu kidogo kama springi ya pili na haichukui muda inachanika. Urefu uliopima unakuwa wa uongo, na alaimenti iliyojengwa juu yake pia ni ya uongo. Kwa hivyo legeza bolti za armu zote ulizozifungua, shusha gari kwa matairi, isukume mbele na nyuma mita chache, itikise, ndio ukaze. Kama hupati kuingia chini basi paki gari juu ya mbao nene ama panda shimo la gereji.

Halafu iendeshe. Springi mpya zinakaa chini kidogo baada ya siku kadhaa. Mimi hungoja kilomita 150 mpaka 200, naenda zangu mizunguko ya kawaida ya Watamu, nikirudi napima tena pembe nne. Kwa kipindi hicho unahitaji tou ya mkono tu, ile ya kupima kwa mshipi, ili usile tairi, nitaieleza hapo chini.

Chumvi

Wenzetu wa Nairobi wakieleza mambo haya hawazungumzi chumvi kwa sababu hawana. Sisi tunayo. Gari inayolala karibu na ufuo, kusi ikivuma usiku kucha, asubuhi kioo kina utandu mweupe, na ule utandu uko pia kwa nyuzi za tairodi na ndani ya ile bolti ya kemba. Bolti ya kemba, ile yenye kichwa kisicho katikati, inapita ndani ya tundu la chuma, kutu inashikanisha viwili vikawa kitu kimoja. Unafika kwa mashine, fundi anaweka spana, haizunguki, anaongeza bomba la kurefusha mkono, inakatika. Sasa uko juu ya rampu na gari haitembei.

Siku mbili kabla ya kwenda, mimi nakaa chini na gari. Nasugua nyuzi zote kwa brashi ya waya, natia WD-40 ama ile diseli iliyochanganywa na oili kidogo, naacha ilale, kesho yake narudia. Afu, na hii ndiyo ya maana, nafungua kila kitu kitakachofunguliwa kule: loknati za tairodi mbili, bolti za kemba mbele, bolti za tou nyuma, loknati za armu za kurekebishika, bolti za sahani ya juu inayoshika koilova kwa bodi. Kabla ya kufungua napiga alama kwa kalamu ya rangi ili nirudishe palepale. Kila moja ikizunguka vizuri kwa mkono mwepesi natia grisi kwa nyuzi, narudisha kwa alama, nakaza. Ikikataa, heri ikatae nyumbani ambapo naweza kuchukua baiskeli nikatafute bolti nyingine mjini.

Wakati uko chini tikisa kila kitu. Shika tairi saa tatu na saa tisa utikise, ikicheza angalia tairodi. Shika juu na chini, ikicheza ni boljointi ama beringi. Alaimenti juu ya kitu kinachocheza ni pesa ya bure, hata mashine iwe ya bei gani.

Kuipima kwa mshipi

Huhitaji mashine kujua uko wapi. Wavuvi wametupa kifaa bora kuliko vyote, mshipi wa nailoni, unanyooka vizuri na haukatiki ovyo.

Tafuta sakafu ya simiti iliyo sawa. Mchangani haifai kabisa. Kama una shaka na sakafu, azima ule mpira wa maji wanaotumia mafundi wa nyumba kupiga levo, weka kichwa kimoja kwa tairi hii na kingine kwa ile, maji yatakwambia. Pembe iliyo chini iinue kwa kipande cha taili. Upepo wa matairi uwe sawa, tangi nusu, na weka uzito wa dereva kwa kiti chake. Mfuko wa simiti ni kilo 50, mtungi wa lita 20 wa maji ni kilo 20, hao wawili ni kilo 70, ni mtu mzima huyo.

Chini ya kila tairi ya mbele weka taili mbili zilizopakwa grisi katikati, moja juu ya nyingine, ili tairi iweze kuteleza na kukaa inapotaka. Usipoweka, ukigeuza tairodi tairi inashikilia sakafu na namba inakudanganya, na hilo hilo ndilo linalotokea kila unapoinua gari kwa jeki ukaishusha, tairi zinabaki zimevutana. Ama isukume mita tatu mbele, mita tatu nyuma.

Nyoosha usukani, ufunge kwa kamba ya kiti usiende popote. Simamisha stendi nne, mbili mbele ya gari mbili nyuma, funga mshipi ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia kwa kimo cha katikati ya habu. Sasa pima kutoka katikati ya habu mpaka mshipi. Mbele kushoto ilingane na mbele kulia, nyuma kushoto ilingane na nyuma kulia. Si lazima mbele ilingane na nyuma, kwa sababu gari nyingi upana wa matairi ya mbele na ya nyuma unapishana milimita kadhaa. Sogeza stendi taratibu mpaka zikubali, hii ndiyo sehemu inayochosha, nenda nayo polepole, kila ukisogeza moja nyingine inabadilika.

Zikikubali, chukua rula ya chuma, pima kutoka mshipi mpaka ukingo wa mbele wa rimu, afu ukingo wa nyuma wa rimu ileile. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na mshipi, hiyo tairi imefunga. Ukiwa karibu zaidi, imefunguka. Kwa rimu ya inchi 16, ambayo ukingo mpaka ukingo ni kama sentimita 43, tofauti ya milimita 1 ni kama 0.13 digrii, yaani dakika 8. Uzuri wa mshipi ni kwamba unakupa kila tairi peke yake, si jumla tu, na unaona kama nyuma nzima imeelekea upande mmoja.

Kemba ni rahisi. Ning'iniza uzi wenye kizito mbele ya rimu ili ukingo wa chini uguse uzi, pima pengo la juu. Kwa rimu hiyo hiyo ya 16, milimita 7.5 ni digrii moja hasi. Simu yenye programu ya levo ikishikizwa kwa kipande cha alumini kilichonyooka pia inafanya kazi, ila hakikisha umeipima kwanza kwa sakafu ili ujue kosa lake.

Siku ukienda kwa mashine unaenda na karatasi yako mwenyewe mkononi.

Kwa mashine

Piga simu kwanza uulize vitu vitatu: mashine inapima magurudumu manne ama mawili, vile vishikio vyao vinashika rimu zako, na kama atakubali kurekebisha nyuma. Elewana bei kabisa, mweleze kwamba hii si ya dakika ishirini, kuna sehemu kama kumi na mbili za kurekebisha, itachukua saa mbili na utamlipa ya saa mbili. Fundi akijua atalipwa muda wake anatulia. Kama gari yako iko chini beba mbao mbili za kupandia rampu, bampa isiguse.

Mara ya mwisho nilipoenda tulizungumza hivi.

"Fundi, tuanze na nyuma."

"Nyuma kwa gari hizi haiguswi sana, bwana. Tunaweka mbele tu sawa."

"Hii inaguswa. Njoo na tochi nikuonyeshe, armu zote za nyuma zina nyuzi, na bolti ya tou nimeshailegeza nyumbani inazunguka kwa mkono."

Akaja, akashika, akazungusha mwenyewe, akasema, "Eh, hii umeitayarisha. Haya, shekhe, nipe namba unazotaka."

Na kutoka hapo tukafanya kazi pamoja vizuri sana, kijana anajua kazi yake, alichokuwa anakataa ni kupigana na kutu ya watu na kulaumiwa bolti ikikatika.

Kwa nini nyuma kwanza? Kwa sababu tairi za nyuma ndizo zinazoamua gari inaelekea wapi. Nyuma ikielekea kulia kidogo, gari inatembea upande kama kaa, na mbele itabidi ifuate, usukani utakaa umepinda hata kama mbele iko sawa. Ukitengeneza mbele kwanza, ukigusa nyuma itabidi urudie mbele tena.

Na kwa kila ekseli, kemba kwanza, kasta kama inarekebishika, tou mwisho. Ukibadilisha kemba tou inabadilika palepale. Tou haibadilishi kemba kwa kiasi cha kukusumbua.

Sasa kwa wenye koilova zenye sahani ya juu ya kurekebisha kemba, na pia ile bolti ya kemba ya chini, inayoshika koilova na habu, bado ipo, kuna swali ni ipi utumie. Bolti ya chini inainamisha habu peke yake, koilova inabaki palepale, kwa hivyo tairi inasogelea mwili wa koilova. Ukiipeleka hasi sana, tairi inagusa. Sahani ya juu inainamisha koilova na tairi pamoja, lile pengo halibadiliki. Pia bolti ya chini ikipigwa na mashimo inaweza kuteleza. Mimi naweka bolti ya chini sehemu moja, pande zote sawa, pengo la tairi na koilova lisipungue upana wa kidole, naikaza ipasavyo, afu namalizia na sahani ya juu. Sahani zina mistari, kushoto na kulia zikisimama kwa mistari tofauti sana na kemba iko sawa, kuna kitu kimepinda, tafuta kabla hujaendelea.

Namba. Skrini ya mashine itachagua gari ya kiwandani na kukuonyesha kijani na nyekundu za kiwandani. Kwa gari iliyoshuka, kemba itabaki nyekundu na si makosa. Forester yangu ya kila siku naweka mbele kemba -1.2 kila upande, nyuma -1.0 hivi, kushoto na kulia visipishane zaidi ya robo digrii. Tou mbele sifuri ama milimita 1 jumla imefunga. Tou nyuma milimita 1 mpaka 2 jumla imefunga, igawanywe sawasawa pande mbili. Nyuma isiwe imefunguka hata kidogo, hapo sikubembelezi, gari yenye nyuma iliyofunguka ukikanyaga breki kwa lami iliyolowa mkia unataka kukupita. Kasta, pande mbili zisipishane zaidi ya nusu digrii.

Wenye Mark X, mbele na nyuma zenu zina armu nyingi zaidi, ukishusha nyuma inaenda hasi kwa haraka na bila armu za kurekebishika hutaweza kuirudisha, usidanganywe kwamba tou peke yake itaokoa tairi. Probox na gari zingine zenye ekseli nzima nyuma, nyuma hamna bolti ya kurekebisha, pimeni tu mjue kama haijapinda.

Fundi akimaliza, kabla hajatoa vishikio, mwambie akaze loknati zote afu aangalie skrini tena. Tairodi huzunguka na loknati wakati wa kukaza, shika kwa spana mbili. Hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia, namba zilikuwa kamili, loknati ikakazwa, ikasogea dakika tano na hakuna aliyetazama. Omba karatasi ya kabla na baada, ipige picha. Gari mpya mpya zenye kuzuia mtelezo zinahitaji sensa ya usukani irudishwe sifuri pia, kumbusha.

Barabarani

Jaribu kwa barabara tulivu, mimi napenda ya kuelekea Sala Gate, lango la mbuga ya Tsavo, nje ya mji. Shika usukani kwa vidole viwili, mwendo wa kawaida, uone inakoelekea. Kabla hujalaumu alaimenti kumbuka sisi tunaendesha kushoto na lami imeinama kuelekea kushoto ili maji yatiririke, gari yoyote itateremka kushoto polepole. Nenda na urudi. Upepo ukiwa ndio unaosukuma, utakusukuma upande mmoja ukienda na upande wa pili ukirudi. Mlalo wa lami utakuvuta kushoto kwenda na kurudi. Kama inavuta kwa nguvu, badilisha tairi za mbele kushoto kwa kulia, uvutaji ukihama upande ni tairi, ukibaki ni alaimenti ama breki inayobana. Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba iliyo chanya zaidi, na upande wenye kasta ndogo, kwa hivyo ukirudi na karatasi utajua ni pembe gani ya kuangalia.

Usukani ukiwa umepinda kidogo lakini gari inakwenda sawa, tairodi moja inafupishwa na nyingine inarefushwa kiasi kilekile, jumla ya tou haibadiliki. Kazi ya dakika tano.

Mwisho nikifika nyumbani nachukua rangi ya kucha, ya mke wangu, nyekundu inaonekana vizuri, napitisha mstari mmoja juu ya kila nati na fimbo yake, kila bolti ya kemba na kichwa chake, kila loknati ya armu. Mstari ukikatika, kitu kimezunguka. Kilomita 100 za kwanza naingia chini na tochi, afu kila nikitoka safari ya kifusi, Marafa ama Jilore huko, nikiosha gari naosha na chini kwa maji baridi nitoe chumvi na vumbi, naangalia mistari. Na matairi napitisha kiganja ndani kila nikiweka upepo, kutoka nje kwenda ndani kisha ndani kwenda nje. Raba ikiwa laini kwenda na inakwaruza kurudi, kama magamba ya samaki, tou imeshaanza kusogea na bado una tairi ya kuokoa.